Zege lilimwagwa nikiwa mjini

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni fundi wa uzio hapa Dodoma, nina miaka 36. Kwa miaka tisa nimefanya kazi chini ya mafundi wengine: kuchimba, kufunga waya, kulipwa kwa siku. Mwaka huu ndiyo mara yangu ya kwanza kupata kazi kwa jina langu mwenyewe. Ni shamba la ekari mbili nje kidogo ya mji, uzio wa waya wa wavu, nguzo za zege za futi nane, na juu mistari mitatu ya seng'enge. Mteja ni mzee mstaafu, mtu wa heshima zake, na ana ndugu wawili wanaongoja kuona kazi hii ili nao waniite.

Shida yangu ni vijana. Mafundi ninaowajua wamechukuliwa na kazi za upande wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na malipo ya kule siyawezi. Nimekusanya vijana watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimamisha nguzo. Wawili ni wa mtaani kwangu, wawili wametoka kijiji cha jirani na shamba, na wa tano ni mtoto wa dada yake mke wangu. Ana miaka 19, ananiita baba mdogo. Baba yake alifariki akiwa darasa la nne.

Jumatatu nilisimamisha nguzo mbili za kona upande wa mashariki, mita 90. Jumanne nikafunga uzi kutoka kona hadi kona, na mchana ule vijana wakachimba mashimo 20 kati ya 29. Nilikuwepo, ingawa muda mwingi nilikuwa na mteja tukipanga mahali pa lango. Jumatano saa tatu asubuhi nikaenda mjini kununua waya. Nikawaambia: "Malizieni mashimo, fuateni uzi, changanyeni zege, nikirudi nikute nguzo zimesimama." Mjini nilichelewa, bei ya waya ilinisumbua sana, hata mtoto wa shemeji alinibipu mara mbili nikiwa dukani nikaacha kwa kuwa nilikuwa katikati ya mabishano. Nikarudi saa kumi na moja jioni pamoja na mteja, alinipa lifti.

Nguzo zote 29 zilikuwa zimesimama. Nilipoweka jicho kwenye nguzo ya kona nikaona mstari umetoka tumbo. Katikati umekwenda nje zaidi ya futi moja, ndani ya shamba la zabibu la jirani. Nikatembea nikizigusa moja moja. Ya 24 niliiegemea, ikacheza. Nikafukua. Sita za mwisho zimeingia ardhini sentimita 35 tu, badala ya 60, maana walikutana na tabaka gumu. Wakafukia, wakarundika udongo, wakaukanyaga vizuri ili usionekane.

Mzee, nilipandwa na hasira. Niliwafokea wote, na mtoto wa shemeji nikamwambia maneno mazito mbele ya mteja na wenzake. Nilimwita zuzu, nikasema amerithi uvivu wa marehemu baba yake. Aliweka beleshi chini, akaondoka. Leo Jumamosi hajarudi. Mama yake amempigia mke wangu akilia, na nyumbani kwangu hakukaliki.

Hasara ni mifuko tisa ya saruji, kokoto, mchanga na ujira wa siku mbili, jumla kama laki nne. Nataka kuwakata nusu ya malipo yao mpaka ifidiwe. Je, ni haki? Niwafukuze nianze na wengine? Mteja bado hajui habari ya zile nguzo sita, aliona tumbo tu. Nimwambie, au nizikaze na waya ziendelee? Na je, nitafanyaje siku nyingine nikilazimika kuondoka?

Fundi mwenye kazi yake ya kwanza, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Nakujibu upesi kwa sababu ya zege lako. Kila siku inayopita linazidi kukomaa, na nguzo ambayo wiki hii unaweza kuifukua na kuigongoa kitako chake bila kuivunja, mwezi ujao utaipasua. Kwa hiyo kwanza nimalize habari ya nguzo, halafu nije kwenye lile linaloniuma zaidi katika barua yako.

Nguzo zilizotoka nje, ng'oa. Hilo halina mjadala. Futi moja ndani ya zabibu za mwenzio ni ardhi yake, na waya ukishafungwa pale umemwachia mteja wako kesi ya mpaka ambayo watoto wake watairithi. Na hata kama jirani angekubali, ule waya hautakaa. Waya ukivutwa kati ya kona na kona unataka kunyooka, kwa hiyo nguzo zilizotoka tumbo zitakuwa zinavutwa kuelekea ndani mchana na usiku, mpaka udongo uachie. Fukua pande zote kwa mtaimbo na beleshi, usipige nyundo nguzo yenyewe. Nyingi zitatoka nzima na utazitumia tena.

Zile sita fupi nazo ng'oa. Nguzo ya futi nane ni kama mita 2.4. Ukiizamisha sentimita 60 ndipo robo yake imekaa ardhini, na hiyo ni kiasi cha chini kwa uzio wa kuvuta. Kwenye tabaka gumu kijana asiye na uzoefu anadhani amefika mwisho wa dunia. Mfundishe kwamba mtaimbo na ndoo mbili za maji zilizomwagwa jioni ili zilale shimoni hulainisha mengi. Likikataa kabisa, mnasogeza shimo nyuma kwenye uzi ule ule. Umbali kati ya nguzo na nguzo unaweza kupungua kutoka mita tatu hadi mbili na nusu bila madhara, ila usiuongeze. Na kama sehemu nyingine za shamba hilo zina udongo mweusi wa mbuga, huo unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, hakikisheni shimo ni pana chini kuliko juu, mfano wa chungu. Nguzo iliyo kwenye shimo lililochimbwa kama faneli udongo huo huisukuma juu kila mvua.

Sasa twende kwenye vijana.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona vijana wamekosea. Mara ya pili niliona uzi. Mita 90, kona hadi kona, hukutaja pegi hata moja katikati, yaani kijiti cha kuushikilia uzi. Nawe unaujua upepo wa Dodoma wa mchana. Uzi mrefu hivyo ukipigwa na upepo unajikunja kama upinde, na aliye katikati haoni, maana kwa macho yake umenyooka. Tena vijana wageni wana tabia ya kuiegemeza nguzo kwenye uzi ili waone "imegusa". Ya kwanza inausukuma uzi unene wa kidole, ya pili inafuata uzi uliosukumwa, ya tatu inaongeza chake. Wewe uliwaambia "fuateni uzi", nao wakaufuata kwa utii wote mpaka kwenye zabibu za watu. Na mashimo 20 ya kwanza, mwanangu, yalichimbwa Jumanne, ukiwepo.

Mara ya tatu ndipo nilipoona ile bipu.

Umeiandika ukiwa unanieleza kuhusu bei ya waya, ukaipita. Naomba urudi uisome. Kijana wa miaka 19, ambaye bila shaka hakuwa na salio, amekubipu mara mbili ukiwa dukani. Sikuwepo, ila nimekaa kwenye saiti miaka mingi na naweza kukisia aliyoyaona mbele yake saa ile. Zege limeshachanganywa chini, kwa kuwa uliwaambia wachanganye. Jua kali. Shimo limegoma kwenye sentimita 35. Wenzake wanamwambia lile neno ambalo sote tumelelewa nalo, zege halilali. Bosi hapokei. Kumbuka pia ulivyowaaga: nikirudi nikute nguzo zimesimama. Walifanya ulichoagiza, na kile ambacho hawakujua kukitatua wakakifukia.

Kufukia ni kosa, silitetei. Lakini jiulize kwa nini walikanyaga ule udongo kwa uangalifu kiasi kile. Watu huficha kosa pale wanapojua kulisema kutawagharimu kuliko kulificha.

Nilipokuwa saidia fundi, katika umri wa kijana wenu, tulikuwa tunajenga ngazi za jengo moja. Nilikuwa na kazi ya kuhesabu ndoo: moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Nikapoteza hesabu, nikaweka mchanga mara mbili. Nililiona kosa langu kabla beleshi halijageuza mchanganyiko. Ilikuwa ni kusema tu na kuongeza saruji. Lakini asubuhi ile nyapara wetu alikuwa amemtukana mwenzangu matusi ya mama kwa kuangusha karai, na mimi nikanyamaza. Ngazi zile zilivunjwa baada ya wiki tatu. Nililia usiku, na nyapara mpaka tunaachana hakujua kwamba kosa lile lingemgharimu nusu mfuko wa saruji tu kama ningeweza kumwambia.

Kwa hiyo kabla ya kushika mtaimbo, nenda kwa shemeji yako. Usimtume mke wako, usipige simu. Nenda na ujira wa siku za kijana alizofanya, wote, mkononi. Ukikaa, mwambie kijana mbele ya mama yake kwamba alikupigia ukashindwa kupokea, na kwamba lile la marehemu baba yake hukuwa na haki ya kulisema. Litaje lenyewe, kwa maneno yake. Ukisema tu "tusameheane tuliyokoseana" utakuwa umemrudishia nusu ya kosa ambalo si lake. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa darasa la nne amebaki na jina la baba yake tu, na wewe uliyeitwa baba mdogo ndiye ulilitupa chini mbele ya wageni. Akikubali kurudi, sema tena maneno hayo hayo pale saiti, maana wenzake wanne waliyasikia yale ya kwanza. Asipokubali, ujira ni wake na heshima ni yake, usimshike.

Kuhusu kukata nusu ya malipo: hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kujikatia tu. Ukitaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara, lazima kosa liwe lake, akubali kwa maandishi, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, usizidishe hasara halisi, na makato yote yasipite robo ya ujira wake. Nusu ni mara mbili ya hapo. Weka sheria kando, tazama haki: uzi ulifungwa na wewe, amri ya kuchanganya zege ulitoa wewe, simu hukupokea wewe. Laki nne hiyo ni ada yako ya kujifunza usimamizi. Inauma, najua, kwenye kazi ya kwanza faida yenyewe ni ndogo. Lakini kijana unayemlipa ujira wa siku, ukimkata nusu, wiki ijayo atakuwa anachimba mashimo ya mtu mwingine na maarifa aliyopata kwa saruji yako.

Kuwafukuza ndiyo kabisa usifikirie. Hao watano sasa wanajua uzi uliopigwa upepo unafanya nini. Ukileta wengine watano, itabidi uwalipie somo hilo upya.

Mteja umwambie mwenyewe, kesho. Mwonyeshe zile sita, mfukulie moja aone kwa macho, kisha mwambie unazing'oa kwa gharama yako na kazi itachelewa siku ngapi. Usiwataje vijana. Yeye aliandikiana na wewe. Tena amekuona ukifoka, na mtu mzima aliyestaafu amesimamia watu, alikuwa anakupima wewe saa ile kuliko alivyokuwa anapima nguzo. Kuzikaza kwa waya ziendelee ni kumfukia yeye kama wao walivyokufukia wewe.

Umeniuliza utafanyaje siku ukilazimika kuondoka. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa utaondoka tena: waya utaisha, mteja atakuita, mtoto ataumwa.

Kosa la shimo ni la bure mpaka zege liingie. Likiwa shimo tupu unalisogeza, unalizamisha, unalifukia, gharama ni jasho. Baada ya zege ndipo linakuwa la pesa. Basi weka geti lako hapo. Mfuko wa saruji usifunguliwe mpaka mashimo ya upande mzima yamekaguliwa na wewe. Ukiondoka asubuhi, waachie kazi isiyo na zege: kuchimba, kukata pegi mpya, kunyoosha seng'enge, kumwagilia nguzo za jana na kuzifunika kwa magunia mabichi. Hizo wakikosea, unarekebisha jioni. Saruji ifungie stoo uondoke na ufunguo ikibidi. Wasiuone ufunguo huo kuwa dalili ya kutowaamini, waeleze sababu yake kama nilivyokueleza hapa, wataielewa.

Kila mchimbaji mpe fimbo iliyokatwa sentimita 60 kamili. Akiitia shimoni na ncha ikabaki juu, bado. Nimeona vijana ambao tepu inawachanganya, inchi upande huu, sentimita upande ule, lakini fimbo haimchanganyi mtu. Kwenye uzi, pegi kila baada ya mita 15 au 20, na kati ya nguzo na uzi ipite ncha ya kidole bila kugusa. Piga magoti uwaonyeshe kwenye nguzo ya kwanza, kidole chako, halafu kidole chake. Vipimo vya mahali pa nguzo vitoke kona moja kwa tepu ndefu, tatu, sita, tisa, mpaka mwisho. Wakipima kutoka nguzo hadi nguzo kwa fimbo, kosa la sentimita mbili likirudiwa mara 30 ni sentimita 60, na lango lako halitaingia.

Chagua mmoja ambaye kazi yake, siku ambayo haupo, ni kutazama tu: anasimama kona, anafumba jicho moja, anasema simama. Na akisema simama, hata aliye mkubwa kwake aache. Bila shaka umeshajua ningemchagua nani. Yeye ndiye pekee siku ile aliyeshika simu.

Mwekee vocha. Shilingi mia tano ya salio kila asubuhi ukiondoka, na makubaliano kwamba bipu moja maana yake kuna swali, bipu mbili maana yake tumesimamisha kazi. Bipu mbili unapokea hata ukiwa mbele ya waziri.

Jambo jingine hukuuliza, ila nimeona seng'enge kwenye kazi yako. Nunua glavu za ngozi jozi tano kabla ya siku ya kuvuta. Waya ukikatika ukiwa umekazwa unarudi kama fimbo ya mchungaji, kwa hiyo hakuna anayesimama kwenye mstari wa waya wakati unavutwa. Na uulize nani amechanjwa pepopunda. Asiyejua aende kituo cha afya, umlipe siku hiyo.

Nguzo mpya zikisimama, ziache siku saba kabla ya kuvuta waya, na maji asubuhi na jioni. Kwa siku saba zege zuri linakuwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28, hapo linavumilia. Nguzo za kona ziwekee za kuegemeza pande zote mbili kwanza, hizo ndizo zinazobeba mzigo wote wa kuvuta. Siku hizo saba mnaweza kuchimba upande wa kaskazini, mkiwa na fimbo zenu, saruji ikiwa stoo.

Nisalimie shemeji yako. Uniandikie siku mtakayovuta waya wa upande wa mashariki, na uniambie ni nani alikuwa amesimama kona.